Msomaji Hatakuja na Neno Lako

Ukinikuta usiku kwenye Wikipedia ya Kiswahili, si rahisi unikute nikianzisha makala mpya. Utanikuta nahamisha makala kutoka jina moja kwenda jingine, naweka jamii, yaani orodha za makala za aina moja, naunganisha kurasa mbili zinazoeleza mto uleule bila kujuana. Rafiki yangu mmoja huiita kazi ya ufagizi, nami sikatai.

Wikipedia yetu ilianza mwaka 2003 na sasa imevuka makala 80,000. Kwa lugha ya Kiafrika, hiyo ni hazina kubwa. Lakini mara nyingi mtu anayelalamika kwamba "Wikipedia ya Kiswahili haina kitu kuhusu jambo hili" anazungumzia jambo ambalo lipo, limeandikwa, tena vizuri, ila limekaa chini ya jina ambalo yeye asingeliwaza. Amekuja na neno la nyumbani kwao, akaandika, akaona patupu, akaondoka. Mwandishi naye alitumia jioni nzima kuipanga ile makala. Hao wawili hawatakutana kamwe, na hakuna hata mmoja wao atakayejua kwamba walipishana.

Wiki ya kwanza kabisa, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, ilifunguliwa na Mmarekani Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995. Jina alilitoa kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, kule Hawaii, yaliyoitwa "Wiki Wiki", yaani haraka haraka. Katika wiki ile, kiungo, yaani neno unalobonyeza kufungua ukurasa mwingine, kilitengenezwa kwa kubandika maneno pamoja bila nafasi, kila neno likianza kwa herufi kubwa, na neno hilo lililobandikwa ndilo lilikuwa jina la ukurasa. Leo tunatumia mabano ya mraba, lakini sheria ni ileile: kiungo hulenga jina kamili la ukurasa, herufi kwa herufi. Andika [[Ziwa Victoria]] wakati ukurasa unaitwa Ziwa Viktoria, na kama hakuna aliyetengeneza njia kati ya majina hayo mawili, kiungo chako kitatoka chekundu. Atapita mtu mwenye moyo mwema, aone wekundu ule, adhani ziwa lenyewe halijaandikwa, aanzishe makala. Sasa tuna maziwa mawili, kila moja na eneo lake, kina chake na samaki wake.

Kwa hiyo ninapozungumzia kuandika vizuri kwenye wiki, ninaanzia mbali na mtindo wa sentensi. Ninaanzia kwenye jina.

Kiswahili kina jambo ambalo waliobuni visanduku vya kutafutia hawakulifikiria. Kisanduku hufanya kazi kwa herufi za mwanzo: unaandika tatu, nne, kinakushushia orodha ya kurasa zinazoanza hivyo. Kwa Kiingereza mpango huu hauna shida, maana wingi wao huja mkiani. Kwetu wingi umekaa mlangoni. Mtu anayeandika "miembe" hataletewa Mwembe. Anayeandika "meno" hataona Jino, wala wa "funguo" hataona Ufunguo, wala wa "nyuso" hataona Uso. Akiamua kutafuta ndani ya maandishi yenyewe badala ya vichwa, bado mashine haijui ngeli. Kwake "mwembe" na "miembe" ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote. Kama makala yote imeandikwa kwa umoja tu, mtu wa wingi ataikosa hata humo.

Dawa yake haina ugumu. Kichwa kiwe katika umoja, siku zote, ili anayeweka kiungo asihitaji kubahatisha. Wingi utajwe mapema, ikiwezekana kwenye sentensi ya kwanza au ya pili. Kisha utengenezwe ukurasa wa kuelekeza, ule wa mstari mmoja tu unaomchukua aliyeandika "miembe" na kumfikisha kwenye Mwembe bila yeye kusumbuka. Kurasa hizi hazina gharama wala hazijazi mahali. Sijapata kuelewa kwa nini watu huzionea ubahili.

Kanuni ya umoja ina wageni wake wa heshima. Makala za makabila tumezoea kuziita kwa wingi: Wachagga, Wamakonde, Wakikuyu. Anayetafuta habari za kabila haandiki "Mchagga". Hapo mazoea ya msomaji yanashinda kanuni, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Tena yapo maneno ambayo wingi wake una mwenyewe. Siwezi kuchukua "Maziwa" nikayaelekeza kwenye Ziwa, kwa sababu wengi wanaoandika neno hilo wanataka kinywaji. Hapo neno linabaki na kinywaji, na juu kabisa ya makala unawekwa mstari unaosema: kwa maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu, tazama Ziwa.

Jambo la pili la kwetu ni kwamba neno la aina hutangulia. Tunasema Mto Rufiji, Ziwa Natron, Mkoa wa Arusha, Wilaya ya Mbozi. Masikioni ni sawa kabisa, lakini tazama linavyotokea kwenye jamii, zile orodha ambazo viungo vyake viko chini ya makala. Jamii ya mikoa ya Tanzania ikiachwa ijipange yenyewe, mikoa yote itaangukia herufi M, na orodha ya alfabeti inakuwa haina maana. Ndiyo maana anayejua kazi huongeza alama ndogo baada ya jina la jamii, mstari wima na herufi A kwa Arusha, D kwa Dodoma, na kila mkoa unarudi mahali pake. Msomaji haioni alama hiyo. Anachoona ni kwamba orodha inasomeka.

Kuhusu vichwa vyenyewe, yapo mabishano ya zamani: iwe "Mto Rufiji" au "Rufiji (mto)"? Mimi niko upande wa kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema na hivyo ndivyo utakavyoandika katikati ya sentensi. Lakini kuliko nusu ya mito iwe hivi na nusu vile, heri yote iwe kwa ule mtindo nisioupenda. Mtu akishakisia sawasawa mara mbili, mara ya tatu haangalii. Anaandika kiungo kwa imani. Imani hiyo ndiyo faida yote ya kufuata mtindo mmoja.

Sasa njoo kwenye neno ambalo nalipenda kuliko yote kwa kazi hii: Tanganyika. Kwa mtu wa Kigoma ni ziwa. Kwa mwanafunzi wa historia ni nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Kwa anayesoma habari za wakati wa Waingereza ni eneo lililopewa jina hilo mwaka 1920, baada ya Wajerumani kuondoka. Kwa mtu wa Katavi ni wilaya anayokwenda kufuatilia mambo yake. Na kwa Mkongomani wa Kalemie, tangu mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, Tanganyika ni jimbo lake, na ukimwambia kwamba neno hilo ni jina la zamani la Tanzania bara atakutazama vibaya. Wote hao wanaongea Kiswahili. Wote wataandika neno lilelile kwenye kisanduku kilekile.

Ukurasa wa kutofautisha maana, kwa neno kama hilo, ni makala muhimu kuliko nyingi zenye aya ishirini. Nimeona zinavyoharibiwa: mtu anaanza kuweka historia humo, anaongeza picha, anaweka viungo kumi katika mstari mmoja. Ukurasa huu ni njia panda. Kila mstari uwe na kiungo kimoja tu na maneno machache yanayotosha kumwonyesha mtu kwamba hapa ndipo kwake: "Jimbo la Tanganyika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao makuu Kalemie." Anayetaka zaidi atabonyeza.

Kwa majina ya kata, ugonjwa ni mkubwa zaidi. Majengo iko Dodoma, iko Moshi, iko kwingineko pia. Ukivuka mpaka unaikuta Mombasa na Nairobi. Kila mji uliokua ulikuwa na sehemu mpya ya majengo, na jina likabaki. Kwenye wiki zinatofautishwa kwa mabano: Majengo (Dodoma), Majengo (Moshi). Lililo gumu ni kuamua mabano yabebe mji, wilaya au mkoa, maana kata mbili zenye jina moja zinaweza kuwa mkoa mmoja. Ukiwa wa kwanza kuandika Majengo fulani, usijichukulie jina bila mabano kana kwamba ya kwenu ndiyo pekee. Atakayekuja na ya pili atalazimika kuihamisha yako, na viungo vyote vilivyokuwa vinaenda kwako vitaanza kumpeleka msomaji kwenye njia panda.

Halafu kuna majina yenye siasa. Ziwa tunaloliita Nyasa upande wa Tanzania, wenzetu wanaliita Malawi, na ng'ambo ya Msumbiji ni Niassa. Mpaka wake una ugomvi ambao wiki haitaumaliza. Hata hivyo ukurasa lazima uwe na kichwa kimoja. Nilichojifunza kwa kusoma kurasa za majadiliano ni kwamba moto hupungua majina yote matatu yakitokea kwenye sentensi ya kwanza na yote matatu yakimfikisha msomaji mahali pamoja. Kichwa cha ukurasa ni kama jina la kituo cha daladala: halitoi hati ya kiwanja kwa mtu, linamwezesha abiria kushuka anapotaka. Wanaoendelea kugombana baada ya hapo wanagombania kitu kingine.

Lipo kosa baya kuliko msomaji kutofika, nalo ni kufika pasipo pake bila kujua. Mfano wake niliukariri mwenyewe darasani, na wengi wenzangu wa shule za msingi za Tanzania waliukariri pia: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Tuliimba sayari tisa kwa mpangilio huo. Shida ni kwamba Zohali, kwa matumizi ya zamani ya Kiswahili na kwa Kiarabu lilikotoka jina, ni sayari ya sita, ile yenye pete. Katika wimbo wetu ya sita ni Sarateni, na Zohali imesogezwa hadi ya saba, mahali pa Uranus. Utaridi, ambayo kwa matumizi hayohayo ya zamani ni sayari iliyo karibu kabisa na Jua, ile ambayo wimbo unaiita Zebaki, imetupwa mwisho kabisa mahali pa Pluto, ambayo nayo wanaastronomia waliiondoa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006. Mtoto akitafuta Zohali kwa ajili ya kazi ya nyumbani, atafika kwenye makala nzuri sana ya sayari ambayo siyo aliyoulizwa. Atanakili. Mwalimu atamkosesha, au mbaya zaidi, hatagundua.

Wapo wanaosema wiki isishughulike na orodha zilizopotoka; iandike jina sahihi, basi. Sikubaliani nao. Jina sahihi likae kichwani, ndiyo, lakini mstari wa juu useme wazi kwamba makala hii inahusu sayari ya sita kutoka Jua, na kwamba katika vitabu vya shule jina hili limetumika pia kwa Uranus. Sarateni nayo iwe na ukurasa wake wa kuelekeza. Kumsaidia aliyefundishwa vingine si kukubaliana na aliyemfundisha.

Ndivyo ilivyo kwa maradhi. Makala itaitwa "Shinikizo la juu la damu", na inastahili kuitwa hivyo, lakini mama anayetafuta habari kwa simu baada ya kutoka zahanati ataandika "presha". Neno hilo lisipokuwemo, kwa maandishi, kwenye mistari ya kwanza, makala haimhusu. Ukiandika kifua kikuu, itaje TB. Ukiandika UVIKO-19, zitaje COVID-19 na korona, kwa sababu jina la kwanza lilishika sana Tanzania na Mkenya anaweza kupita bila kulitambua. Baadhi ya wachangiaji huona maneno ya mtaani yanaishusha makala hadhi. Makala haina hadhi yoyote mpaka isomwe.

Baada ya jina, sentensi ya kwanza. Hapa naweza kuwa mkali kidogo. Nimesoma makala za mimea zinazoanza hivi: "Tangu enzi na enzi, wakazi wa pwani wamekuwa wakiishi kwa kutegemea mti huu wa ajabu." Mti gani? Ni insha ya shuleni hiyo, na mwandishi wake bila shaka alipata alama nzuri. Kwenye wiki, sentensi ya kwanza inapaswa kusema kitu ni nini, hata ikisomwa peke yake, maana mara nyingi ndiyo pekee inayoonekana chini ya jina kwenye matokeo ya utafutaji: "Mnazi (wingi: minazi, jina la kisayansi: Cocos nucifera) ni mti wa familia ya mitende unaozaa nazi." Haina urembo wowote. Lakini ina umoja, wingi, tunda, familia na jina la Kilatini, na yeyote anayekuja kwa mojawapo ya maneno hayo ataipata.

Na mnazi ni mtihani mzuri wa mwandishi wa wiki, kwa sababu watu wa pwani wameugawa kwa majina kama mali ya mirathi. Kuna kidaka, dafu, koroma, nazi, mbata. Kuna kumbi na kifuu, kuna makuti, kuna tui na chicha, kuna tembo linalogemwa juu kabisa, ambalo nalo lina jina moja na mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Je, kila neno liwe na makala yake? Mimi husema neno lipewe makala likiwa na habari za kutosha kusimama zenyewe. Tui linaweza: lina mapishi, lina namna ya kukamuliwa, tui zito na tui jepesi. Koroma haliwezi, kwa sasa. Aya moja ndani ya Nazi inalitosha, pamoja na ukurasa wa kuelekeza unaompeleka mtu moja kwa moja kwenye aya hiyo. Ukilazimisha makala ya koroma utapata mistari miwili na lile tangazo letu la "makala hii bado ni mbegu", na mbegu hiyo itakaa miaka bila kuota.

Kuna maneno yanayooza. Nayajua kwa harufu sasa: "hivi karibuni", "kwa sasa", "mkoa mpya", "mwaka jana". Yanapoandikwa yana ukweli, na hakuna anayerudi kuyaondoa ukweli unapokwisha. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ikapata Songwe, iliyomegwa kutoka Mbeya. Kwa siku moja, mamia ya makala za kata na wilaya yaligeuka kuwa na habari ya uongo bila mtu kugusa herufi. Mbozi, Ileje na Momba hazikuwa tena Mbeya. Chato ilikuwa imetoka Kagera kwenda Geita, Bukombe imetoka Shinyanga. Kenya walipoingia kwenye kaunti 47 mwaka 2013, mikoa minane ya zamani ilibaki kwenye makala kama mizimu. Makala zilizoandikwa "kuanzia mwaka 2012 wilaya hii ni sehemu ya Mkoa wa Geita, kabla ya hapo ilikuwa Mkoa wa Kagera" hazitaoza, hata Geita yenyewe ikigawanywa kesho. Atakayekuja ataongeza sentensi, hatalazimika kufuta.

Namba za watu vivyo hivyo. "Tanzania ina watu milioni 45" ni sentensi iliyokufa. "Katika sensa ya mwaka 2012 walihesabiwa watu 44,928,923" bado ni kweli hadi leo, na itakuwa kweli daima. Sensa ya 2022, iliyohesabu 61,741,120, haikuikanusha, imekaa pembeni yake. Namba isiyo na mwaka wake kwenye wiki ni uvumi tu.

Saa nazo zina mtego wake. Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi. Anayetafsiri kutoka Kiingereza huandika "saa 10:30", na msomaji wa Kiswahili anajiuliza: saa kumi na nusu jioni? Alfajiri? Mimi huandika saa kwa maneno, kwa hesabu yetu, na sehemu ya siku ikitajwa. Kama kuna sababu ya kutumia saa za kimataifa, basi zitajwe hivyo waziwazi. Mchanganyiko wa mitindo miwili ndani ya makala moja haufai hata kidogo, kwa sababu msomaji hawezi kuugundua.

Kuhusu Kiswahili chenyewe cha makala, tusijidanganye kwamba kipo kimoja. Mkenya ataandika runinga, Mtanzania ataandika luninga au televisheni. Mmoja ana tarakilishi, mwingine ana kompyuta. Kwa mmoja nyanya ni mama yake mzazi wake, kwa mwingine ni kiungo cha mchuzi. Wiki ni ya wote. Kanuni ninayoiheshimu ni kwamba makala iendelee na Kiswahili ilichoanza nacho, hasa kama mada ni ya huko. Makala ya seneta wa Kenya isigeuzwe sauti ya Dodoma na mtu mwenye nafasi ya mchana mmoja. Ila ndani ya makala moja, neno moja. Anayetafuta kwa kubonyeza "tafuta katika ukurasa" anapaswa kulipata kila mahali lilipotumika, asikute aya ya kwanza inasema tarakilishi na ya nne inasema ngamizi kana kwamba ni mashine mbili tofauti. Vichwa vya ndani pia vifuate mtindo uliopo: Tanbihi, Marejeo, Viungo vya nje. Hakuna anayepata tuzo kwa kubuni "Vyanzo vya Taarifa Zetu".

Makala nyingi zimeingia kwa mashindano. Google iliendesha shindano la aina hiyo kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, kwa wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na tangu wakati huo yamekuja mengine. Sina ubaya na mashindano; yameleta watu na yameleta mada ambazo vinginevyo tungezisubiri. Lakini kinachohesabiwa ndicho kinachotengenezwa, na kinachohesabiwa huwa ni idadi ya makala. Hakuna anayehesabu kurasa za kuelekeza. Kinachobaki baada ya zawadi kugawiwa ni makala zilizopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri zikatoka na sentensi kama "yeye ni bora anayejulikana kwa" na "alicheza jukumu muhimu". Ni Kiswahili kwa herufi tu. Na tatizo halikomi kwenye aibu ya lugha: maneno hayo hakuna anayeyatafuta. Makala ya mcheza filamu iliyotafsiriwa hivyo inaweza isiwe na neno "mwigizaji" hata mara moja.

Ninapokutana na makala ya namna hiyo, simalizi muda wangu kuinyoosha yote. Narekebisha kichwa, naandika upya sentensi ya kwanza, naweka jamii mbili zinazoeleweka, kama ni mtu basi Waliozaliwa na mwaka wake na kazi yake, kisha naandika kwenye muhtasari wa hariri nilichofanya na kwa nini. Huo muhtasari watu huuacha mtupu, nami huwa nausoma kabla ya makala yenyewe. "Nimehamisha kwa sababu kuna kata nyingine yenye jina hili Wilaya ya Korogwe" ni maneno machache yanayomwokoa atakayekuja baada ya miaka mitano akitaka kuirudisha ilikokuwa.

Tangu matokeo ya sensa ya 2022 yatoke, makala za kata ndizo zenye kazi nyingi kuliko zote. Nyingi zimeandikwa kwa mtindo uleule, jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya watu na mwaka wa sensa, na mtindo huo mmoja ndio unaofanya zirekebishike. Lakini anayejua kama kata fulani imegawanywa, au wenyeji wanaiita vingine kuliko ilivyoandikwa serikalini, ni mtu anayekaa pale. Itafute ya kwenu kwa jina mnalolitumia ninyi, siyo la kwenye barua. Isipotokea, andika lile la kwenye barua, ufungue ukurasa, uongeze jina la pili kwenye mstari wa kwanza na utengeneze ukurasa wa kuelekeza. Ukiikuta bado imeandikwa Mkoa wa Mbeya ilhali mko Songwe, kitufe cha Hariri kiko juu kulia.